Mhandisi Hakuanzia Biashara Darasani

Wiki iliyopita tulimuaga mwenzetu, mhandisi wa programu aliyeacha kazi ili akasomee shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, na bosi aliposimama kutoa neno alimpongeza kwa "kuachana na mambo ya kompyuta na kuingia kwenye kazi za watu wazima". Watu walicheka. Mimi sikucheka, na kinyongo bado ninacho.

Kazi za watu wazima! Huyo ndugu ndiye aliyekuwa akishughulikia mfumo wa malipo. Mteja anabonyeza kulipa, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi, simu inatuma ombi lile lile tena, na mfumo usio makini unakata fedha mara mbili. Yeye alihakikisha kila ombi linabeba namba yake ya pekee, ili likirudiwa, seva, yaani kompyuta inayopokea maombi, ilitambue na kurudisha jibu la mwanzo badala ya kukata upya. Lakini kabla hajaandika hata mstari mmoja, ilimbidi aamue muamala ambao hatima yake haijulikani uhesabiwe vipi: muuzaji atoe bidhaa, au asubiri? Hasara ikitokea, aibebe nani? Fedha za mteja zishikiliwe kwa muda gani kabla hajaanza kupiga simu akitukana? Hiyo ni biashara tupu, na aliyaamua hayo usiku, peke yake, kwa sababu wenye vyeo vya biashara hawakujua hata kama swali lenyewe lipo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba darasa nalo lina faida yake. Wahandisi wengi hawawezi kusoma mizania, ile hesabu ya mali na madeni ya biashara, na bei ya kazi yao huipanga kwa kukisia, kisha wakampunguzia kila anayejiita ndugu.

Wapo wanaopenda kunitajia Satya Nadella, aliyeingia Microsoft mwaka 1992 akiwa mhandisi, akapata shahada ya biashara ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1997 kwa kusoma mwishoni mwa wiki huku ajira ikiendelea, na mwaka 2014 akawa mkurugenzi mtendaji. Sawa, ila wanaisimulia habari hiyo kana kwamba cheti ndicho kilichompandisha, na wanairuka miaka zaidi ya 20 aliyokaa ndani ya kampuni hiyo hiyo, katika kazi zile zile za kompyuta.

Ukweli ambao bosi hakuutamka ni kwamba kwetu mhandisi mwandamizi amefika mwisho wa ngazi ya mishahara. Nyongeza inayofuata iko kwenye kiti cha meneja, na kiti hicho kinadai cheti. Lipeni mhandisi bora sawa na meneja, ndipo tujue nani anakwenda darasani kwa kupenda. Hadi naandika haya, nafasi ya mwenzetu haijatangazwa, na mfumo wa malipo umekabidhiwa kijana wa mafunzo kwa vitendo anayelipwa nauli.