Dodoma inajenga haraka kuliko inavyokumbuka

Kila ninapopita barabara ya Morogoro kutoka mjini kwenda Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, nakuta jengo limesimama mahali ambapo safari iliyopita palikuwa na shimo la msingi. Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma Mjini na watu 410,956, na ya 2022 ikaikuta na watu 765,179. Kati ya sensa hizo kuna Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia huku, na kuna Aprili 2018, Manispaa ilipopandishwa kuwa Jiji. Anayeishi hapa anayajua hayo. Ninalotaka kulizungumzia halionekani ukiwa barabarani: ripoti za udongo, matokeo ya vipimo vya zege, rekodi za mvua na za maji ya makorongo, yaani namba zote ambazo ujenzi huu umezalisha, na mahali namba hizo zinapoishia.

Kuna mabishano ya siku nyingi kati yetu wahandisi. Upande mmoja unasema data ichambuliwe, itumike kusanifu majengo na kuamua fedha za umma ziende wapi. Upande wa pili, wenye wazee wengi waliotufundisha kazi, unajibu kwamba jengo haliangushwi na upungufu wa data. Linaangushwa na nondo zilizopunguzwa, saruji iliyouzwa usiku na msimamizi aliyesaini akiwa nyumbani kwake. Wakikutajia ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lililoanguka Machi 2013 na kuua watu 36, au lile la Kariakoo la Novemba 2024, huna pa kuanzia kuwabishia.

Nawaheshimu, na nitarudi kwao. Lakini naona upande wa data umechukuliwa kama jambo la kompyuta, la vijana na la wafadhili, wakati katika kazi yetu data ina umri mkubwa kuliko kompyuta. Chukua kyubu ya zege.

Zege likimwagwa, fundi wa maabara huchota sampuli na kujaza viboksi vya chuma vyenye milimita 150 kila upande. Kyubu hizo huvunjwa kwenye mashine, nyingine siku ya 7, nyingine siku ya 28. Mchoro ukisema zege la 25, hausemi kwamba kila kyubu itafika niutoni 25 kwa milimita ya mraba. Unasema kwamba katika kyubu 100, zisizidi 5 zitakazoshindwa kufika hapo. Hiyo ni takwimu tupu, na imo ndani ya kila nguzo na kila boriti tunayosaini, pamoja na za wale wanaosema hawaamini takwimu.

Sasa, kwa kuwa baadhi ya kyubu zitashuka, anayepanga mchanganyiko lazima alenge juu ya 25. Juu kiasi gani? Njia ya Waingereza ambayo wengi wetu tulifundishwa inakujibu kwa swali: una matokeo mangapi ya nyuma? Ukiwa na chini ya 20, unahesabiwa kama mtu asiyejijua, na mtawanyiko wa kazi yako, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyopishana na wastani wake, unawekwa niutoni 8. Zidisha kwa 1.64, ongeza kwenye 25, na unatakiwa ulenge 38. Ukiwa na 20 au zaidi, na yakaonyesha kwamba zege lako halibadilikibadiliki, unaruhusiwa kushuka hadi mtawanyiko wa 4. Hapo unalenga 31 na nusu.

Ningeomba msomaji asimame kidogo kwenye pengo hilo, maana mimi limenikalia kichwani kwa miaka. Niutoni sita na nusu hazitoki hewani, zinatoka kwenye saruji. Kwa hesabu yangu, kwa kokoto na saruji ya kawaida, pengo hilo ni karibu kilo 40 kwa kila mita ya ujazo. Jengo la ghorofa chache linalokula mita za ujazo 300 za zege litameza mifuko 240 ya ziada, na hakuna mfuko hata mmoja kati ya hiyo uliohitajika na uzito wa jengo. Yote inafidia karatasi 20 ambazo hazikutunzwa. Na wanaolipa ni waaminifu. Anayefuata kanuni bila kumbukumbu anabeba gharama hiyo. Asiyefuata analenga 25 yenyewe, maana yake karibu nusu ya zege lake liko chini ya alichoahidi, kisha anashinda zabuni kwa bei yake ndogo.

Niliwahi kufanya kazi na mkandarasi aliyekuwa amejenga mkoani hapa miaka mingi. Nikamwomba matokeo yake ya nyuma tuone kama tunaweza kupunguza saruji kwa haki. Hakuwa nayo. Kila mradi ulikuwa na faili lake, faili likakabidhiwa kwa mteja, mteja akalifungia stoo. Mtu mwenye mamia ya kyubu nyuma yake tukamhesabia kama aliyefika saiti jana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ile siku niliona kwamba methali hiyo haikutungiwa wenye maduka peke yao.

Hapa ndipo wazee hunikatiza: kyubu zenyewe hupikwa. Ni kweli. Zipo zinazochanganywa pembeni kwa saruji nyingi ili zikavunjwe maabara, na zipo namba zinazoandikwa mezani bila kyubu yoyote. Lakini hiyo kwangu ni sababu ya kuzikusanya pamoja. Zege la saiti, lenye siku ya mchanga ulionyeshewa na siku ya mchanga mkavu, lenye fundi wa asubuhi na fundi aliyechoka saa kumi, hutawanyika. Ukikuta matokeo ya miezi sita yanacheza kati ya 27 na 28 tu, au matokeo ya siku 28 yanayapita ya siku 7 kwa uwiano uleule kila mara, ujue mtu alikaa na kalamu. Karatasi moja haiwezi kukuambia hivyo, hata ukiishika mwanga wa jua. Karatasi 200 zikiwekwa pamoja zinasema. Msimamizi wa saiti moja anaweza kununuliwa, na amekuwa akinunuliwa. Kuuiga mtawanyiko wa zege halisi, saiti baada ya saiti, bila kuonekana, ni kazi ambayo mpishi wa namba hataiweza kwa muda mrefu. Kwa hiyo wazee wanaodai usimamizi na vijana wanaodai data wanadai kitu kimoja, na inanisikitisha kuwaona wakipigana.

Kwenye udongo hali ni hiyohiyo, na hasara ni kubwa zaidi. Dodoma ina maeneo ya udongo mwekundu wa kichanga na miamba ya granaiti karibu, na ina mabonde yenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Mvua yetu inakuja kwa msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, halafu inafuata miezi mingi ya ukame, kwa hiyo udongo huo unapanda na kushuka kila mwaka kama kifua cha mtu anayepumua. Nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha huanzia huko. Kila taasisi inayojenga hulipia mashimo ya uchunguzi, hupata ripoti, na ripoti hufungwa. Jirani akija mwaka unaofuata analipia tena, au, kama ni mtu wa kawaida anayejenga nyumba ya kuishi, halipii kabisa na anamwachia fundi abahatishe. Nakubali kwamba udongo hubadilika ndani ya hatua chache, na shimo la jirani haliwezi kuwa badala ya lako. Ila linakuambia utoboe wapi na uende kina gani, na mwenye nyumba ya vyumba vitatu linampa onyo ambalo leo halipati popote.

Wanaosema haya ni ndoto za ughaibuni ningewapeleka Makutupora, kaskazini mwa mji, kwenye visima vinavyoinywesha Dodoma. Kina cha maji ardhini pale kilipimwa na kuandikwa kwa miaka 55, tangu miaka ya 1950, kupitia mabadiliko ya utawala, ya wizara na ya watumishi. Mwaka 2013 watafiti waliitumia rekodi hiyo kuonyesha jambo ambalo wastani wa mvua ungelificha: maji ya ardhini hayajazwi kidogokidogo kila mwaka. Yanashuka miaka mfululizo, kisha yanarudishwa kwa kishindo na misimu michache ya mvua kubwa, mara nyingi ile ya El Niño. Uamuzi wa kuvuta maji kiasi gani kwa ajili ya jiji linalokua hivi hauwezi kuwa uleule kabla na baada ya kulijua hilo. Na kifaa kikuu kilichozaa elimu hiyo ni mtu aliyekwenda kisimani na kipimo, akaandika, na mwenzake akaendeleza alipoondoka.

Linganisha na tunavyosanifu makalavati. Hesabu ya mafuriko ya vijito vidogo ambayo bado inatajwa katika usanifu wa barabara zetu ilichapishwa na Waingereza mwaka 1976 kutokana na vijito vilivyopimwa Kenya na Uganda. Ilikuwa kazi nzuri kwa wakati wake. Lakini makorongo ya Dodoma, yanayokaa makavu miezi minane halafu yakajaa kwa saa mbili, yamekuwa yakijipima yenyewe kila masika kwenye kuta za makalavati yetu, na alama zao za maji hazijarudi kwenye hesabu. Kuna na tatizo la lugha: tukimwambia diwani kwamba daraja limesanifiwa kwa mafuriko ya miaka 50, anaondoka akiamini kuna miaka 50 ya usalama. Mafuriko hayo yana nafasi ya asilimia 2 kila mwaka, na ndani ya miaka 50 nafasi ya kuja angalau mara moja ni karibu asilimia 64. Diwani akielezwa hivyo ataamua kwa namna tofauti, na atakuwa na la kuwajibu wananchi.

Reli ya Kati ni somo la gharama ya kutojumlisha. Wajerumani waliipitisha kwenye bonde la mto Mkondoa na kuifikisha Dodoma mwaka 1910. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimekuwa kikichukuliwa na maji tangu zamani. Tunakumbuka El Niño ya 1997/98 na mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010. Kila ukarabati, ukiutazama peke yake, huonekana nafuu kuliko kuhama bonde. Ukiuweka kwenye safu moja na ule uliotangulia na ule uliofuata, pamoja na siku treni zilizolala, picha hugeuka. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imetoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki.

Nirudi kwa wazee, maana wana hoja moja ambayo sijaweza kuivunja. Data hutazama nyuma. Mtu aliyekuwa na sensa ya 2012 mkononi, akachora mstari vizuri kabisa, asingeliona agizo la Julai 2016. Mji ulibadilishwa na uamuzi ambao haukutoka kwenye jedwali lolote, na mifereji, mabomba na barabara zilizopangwa kwa mstari ule zilipitwa. Anayeuza uchambuzi wa data kama ramli anastahili kukataliwa. Ningesema tu kwamba uamuzi kama ule ndio unaohitaji kumbukumbu zaidi, kwa sababu unawalazimisha watu kujenga kwa kasi juu ya ardhi wasiyoizoea.

Kuna pia woga, na woga huo una historia. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilipobadilishwa mwaka 2018, kuchapisha namba zinazokinzana na za serikali kuligeuka kosa. Mwaka 2019 kifungu hicho kililegezwa, lakini tabia ya kuficha faili haikulegea kwa haraka hiyo.

Kinachotakiwa hakina ukubwa wa kutisha. Kibali cha ujenzi cha Jiji kingeweza kudai ripoti ya udongo iwasilishwe ikiwa na majira ya nukta ya kila shimo, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo kwenye ramani, na matokeo ya kyubu yaletwe kwa jedwali kabla jengo halijaruhusiwa kutumika. Taasisi ya Jiolojia iko hapa Dodoma, Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko hapa, na zabuni za umma tayari zinapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Hata mafaili yaliyorithiwa kutoka CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilipovunjwa mwaka 2017, yangefaa kufunguliwa na kuangaliwa yana nini.

Kizuizi ninachokiona kigumu ni cha saini. Nikitoa ripoti yangu ya udongo, jirani akaisoma, akajenga kwa kuitegemea na ukuta wake ukapasuka, atakayeitwa kujieleza ni mimi. Kanuni ingelazimika kusema wazi kwamba ripoti iliyo kwenye hifadhi ya umma ni mwongozo tu, na kwamba anayejenga bado anawajibika kwa uchunguzi wake. Mpaka hilo liandikwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilisimamie, siwezi kumlaumu mhandisi mwenzangu anayefungia faili lake kabatini, kwa sababu mimi mwenyewe nina mafaili ya aina hiyo.