Droni Imerudi Nyumbani kwa Watu

Mzee mmoja mwenye ghorofa lake jipya Kariakoo alitaka video ya kutoka juu, wapangaji wa fremu waone jinsi lilivyo karibu na Msimbazi. Vibali vya kurusha vilikuwa mkononi, hela ya utangulizi imeshaliwa. Kilichogoma ni setilaiti.

Tulikuwa uani, maghorofa yametuzingira, mbingu inaonekana kidogo tu. Rimoti inasoma setilaiti 5. Mara 3. Ikafika 6, nikashangilia, ikarudi 4. Nne zinatosha kukisia ulipo, lakini droni yangu ina madaha, haiweki alama ya nyumbani, yaani mahali pa kurudi, mpaka zitimie za kutosha na mawimbi yatulie. Na hayo machache yaliyotufikia yalikuwa yamegonga kwanza vioo vya ghorofa la mbele, basi droni iliyokaa kimya juu ya kreti la soda ikawa inajiona iko katikati ya barabara.

Ushauri ukamiminika. Fundi simu: "Izime, uiwashe." Nilishafanya. Muuza mitumba: "Itakuwa mchina huyo." Mzee hakusema kitu, anabonyeza simu yake. Kisha akanigusa bega.

"Nimekurushia bando, GB 2. Jaribu sasa."

"Mzee, GPS haili bando. Setilaiti zenyewe ziko kilomita 20,200 huko juu."

"Kilomita elfu ishirini, bila bando." Akawageukia wenzake. "Mnamsikia lakini?"

Mara dira nayo ikalalamika. Zege la uani limejaa nondo, na chuma kikiwa karibu dira haijui kaskazini wala kusini. Nikahamia kwenye kona yenye udongo, nikaanza kuisawazisha: unaishika droni kwa mikono miwili kama chetezo cha ubani, unazunguka nayo mzima mzima, kisha unaielekeza pua chini, unazunguka tena. Nikiwa katikati ya mzunguko nikasikia mtoto anaita, "Mama, njoo uone, kaka kapandisha mashetani!" Mama akaja. Wakaja na wengine.

Mzee uvumilivu ukamwishia. "Ipandishe tu, huko juu itashika yenyewe." Mwenye hela ndiye mwenye shughuli, nikaipandisha. Droni bila GPS haina breki, upepo unaisukuma inavyotaka, na ilikuwa Julai, kusi imekolea. Ilipovuka tu kingo za paa ikaanza kuserereka kuelekea kaskazini, mimi huku chini naivuta kwa vidole gumba. Ghafla setilaiti 14! Dada wa kwenye simu akatangaza kuwa alama ya nyumbani imewekwa. Mzee akanipa mkono.

Picha zilitoka safi, Msimbazi yote ile pale. Shida ilikuja ilipopita nyuma ya ghorofa jingine, zege likakata mawasiliano. Sikushtuka, droni ikipotezana na rimoti hurudi nyumbani yenyewe. Mzee akafukuza watu uani, makreti yakasogezwa, shingo zote juu. Mlio ukaja. Ukateremka. Ukateremka upande wa pili wa ukuta.

Muda huohuo lile bando ndiyo kwanza likaingia, na ramani, ambayo kweli inataka bando, ikafunguka. Herufi H, yaani nyumbani, iko juu ya paa la jirani, palepale ilipokuwa imesererekea wakati setilaiti zinatimia.

Sasa, tangu asubuhi tulikuwa tunasikia vigelegele kutoka kule. Vikakatika ghafla. Bibi arusi alikuwa anasingwa juu ya paa lile, wanawake peke yao, mitandio pembeni, kungwi kazini, na kamera yangu inashuka taratibu katikati ya mkeka.

Tulipanda mimi na Mzee, tukaishia ngazi ya mwisho. Mlangoni wamefunga kanga. Wakaisogeza kidogo. Droni ilikuwa imefunikwa beseni, na kungwi amekalia beseni.

"Nani kakutuma?"

"Setilaiti, mama."

"Mwite naye aje."

"Yuko mbali, bibie," Mzee akadakia. "Kilomita elfu ishirini. Na bando hana."

Droni tuliipata jioni, baada ya Mzee kutoa doti za kanga. Kadi ya kumbukumbu waligoma kuirudisha, na fremu zote za Mzee zimo humohumo.