Hendeli ya dirisha haivunjiki bure, tafuta kilichoivunja

Juzi hendeli ya dirisha la chumba cha watoto imenibakia mkononi. Nimeshika, nimezungusha kama siku zote, nikasikia tak, kipande kimoja kimebaki kwenye fremu na kingine kiko kiganjani kwangu. Hiyo ilikuwa ya tatu kwenye dirisha hilohilo jamani, wakati madirisha mengine ya nyumba nzima yana hendeli zilezile tulizozikuta tunahamia na hazijawahi kutusumbua hata siku moja. Mbili za mwanzo nilibadilisha haraka haraka nikaendelea na shughuli zangu, hii ya tatu ndo imenifanya nikae chini nijiulize, hivi mwenye kosa ni hendeli kweli?

Msimamo wangu kwa sasa ni huu: watu wengi tunabadilisha hendeli tukiamini tumetengeneza dirisha, kumbe tumebadilisha kile kilichoumia tu na kilichoumiza tumekiacha palepale. Kitu chochote kikikaa vibaya kwenye dirisha, iwe bawaba, iwe komeo, iwe fremu yenyewe imevimba au imepinda, mzigo wote unaishia pale mkono unaposhika.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mtu mzima. Nilimwambia Mzee, naomba uniwekee hendeli ngumu zaidi, hizi zinavunjika ovyo. Hakunijibu, akaenda kufungua hendeli ya dirisha la pili, akaichomeka kwenye hili bovu, akaniambia, "Mwanangu, liache dirisha wazi hivyohivyo, zungusha." Nikazungusha, laini kabisa. Akalifunga, akasema, "Haya, zungusha tena." Ngumu, mpaka nikaweka mikono miwili. Akanishika mkono niache. "Unaona? Hendeli haina kosa, wewe ulikuwa unanyanyua dirisha zima kwa kutumia hendeli."

Hilo jaribio ni la nusu dakika na nakuomba ulifanye kabla hujaenda dukani. Hendeli ikizunguka vizuri dirisha likiwa wazi halafu ikawa ngumu likifungwa, maana yake lile bawa, yaani kipande kinachofunguka, limeshuka au limeinama na ndimi za komeo hazikutani tena na vitundu vyake kwenye fremu. Ikiwa ngumu hata dirisha likiwa wazi, basi tatizo liko ndani, kwenye ule utepe wa chuma unaopanda na kushuka ubavuni mwa bawa, umekauka au umejaa vumbi au meno yake yameisha. Ikizunguka bure bila kushika kitu, kuna kitu kimekatika au kimeliwa. Na kama inacheza cheza tu, usinunue chochote kwanza, kaza skrubu. Kwenye hendeli nyingi zimejificha chini ya kifuniko kidogo, unakivuta kuelekea kwako taratibu, unakigeuza robo ya mzunguko, unaziona zote mbili. Nimeona watu wametupa hendeli nzima kwa sababu ya skrubu mbili zilizolegea, inauma kwa kweli.

Sasa kwa nini dirisha linashuka? Uzito. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita moja ya unene kwenye mita moja ya mraba, kwa hiyo kioo cha milimita 4 chenye ukubwa huo ni kilo 10, na dirisha la vioo viwili ni kilo 20 hapo hujahesabu fremu. Mzigo huo wote unaning'inia upande mmoja miaka na miaka, na unategemea bawaba na skrubu chache. Skrubu zikianza kulegea milimita moja tu huku juu, kona ya chini upande wa hendeli inashuka na kuanza kusugua. Ukitaka kujua, fungua dirisha kidogo, shika ile kona ya mbali kwa chini, inyanyue. Ikipanda mkononi mwako, bawaba zimechoka. Jaribio lingine ni karatasi: weka karatasi kati ya bawa na fremu, funga, vuta. Ikishikwa vizuri sawa, ikitoka yenyewe hapo raba haibani, na upepo na mvua vinapita hapohapo.

Kwenye bawaba naomba niwe mkali kidogo. Hendeli badilisha mwenyewe, haina shida. Bawaba za dirisha la ghorofani usizifungue peke yako, hata uwe na nguvu kiasi gani, maana ukishatoa skrubu ya mwisho zile kilo zote ziko mikononi mwako na huku nje kuna watu wanapita. Tafuta mtu wa pili akushikie, na fungua upande mmoja, rudisha, ndo uende mwingine.

Tukirudi kwenye ile hendeli yangu iliyokatika, angalia siku moja pale ilipovunjikia. Nje inang'aa kama chuma cha maana, ndani ni kijivu, chembechembe kama chumvi ya mawe. Ile siyo chuma, ni zinki iliyochanganywa na alumini kama asilimia 4 hivi, wenyewe wanaita zamak, imeanza kutengenezwa Marekani mwaka 1929 na inapendwa kwa sababu inayeyuka kirahisi na kumiminwa kwenye umbo lolote. Kwa kazi ya kawaida inatosha kabisa, mi siilaumu. Ila haipindi ikakupa onyo kama chuma, unailazimisha leo, kesho, mwezi, ufa unakua ndani huoni, siku ya siku inaachia mara moja. Kwa hiyo ukitaka imara kweli tafuta ya stenlesi au shaba, lakini ujue ukiiweka kwenye dirisha lililoinama hiyo haitavunjika yenyewe, itavunja mtambo wa ndani, yaani ule utepe wa chuma wa ubavuni, ambao ni kazi kubwa zaidi kuutoa.

Haya, umeshatengeneza chanzo, sasa unanunua. Hapa ndo watu tunapoteza muda mwingi maana tunaenda na picha kwenye simu. Picha haina vipimo! Hendeli mbili zinafanana kama mapacha na hakuna hata moja itakayoingia kwako. Nenda na ile mbovu yenyewe mfukoni, au pima. Kwa hendeli zile zinazochomeka na kijiti cha chuma cha pembe nne, pima umbali wa kati ya tundu na tundu la skrubu, kwenye nyingi za mtindo wa Ulaya ni milimita 43, halafu unene wa hicho chuma, mara nyingi 7, halafu urefu wake unaotokeza nyuma, na huo urefu ndo unaotofautiana sana. Kikiwa kifupi hakifiki kwenye mtambo, kinashika ncha tu na kitakula meno, kikiwa kirefu hendeli haikai bapa kwenye fremu. Kwa zile za zamani zenye pua inayopanda juu ya fremu na kubana, pima kimo cha pua kutoka chini ya hendeli, na angalia ni ya kulia au ya kushoto, ukiwa umesimama ndani. Nilishanunua ya kushoto badala ya kulia, nimerudi nayo dukani siku hiyohiyo. Bawaba nazo zile za kuteleza zina urefu wake na zina unene wake zikiwa zimekunjwa, mara nyingi milimita 13 au 17, ukichanganya dirisha halifungi.

Skrubu za zamani zikigoma usizitafune. Ukishakula kichwa cha skrubu umejiongezea kazi ya keekee. Weka mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, asubuhi chukua bisibisi inayojaa sawasawa kwenye kichwa, siyo ile ndogo iliyokuwa karibu, gonga kitako chake kidogo na nyundo, jaribu kukaza kwanza kidogo halafu ndo ulegeze. Kama ni dirisha la mbao na tundu limeshakuwa pana, njiti za kiberiti na gundi ya mbao, jaza, acha ikauke, kata usawa, skrubu itashika kama mpya. Kwenye alumini hiyo haifanyi kazi, hapo ni skrubu nene kidogo au ribiti. Na kama unakaa sehemu yenye hewa ya chumvi, ule unga mweupe unaouona kuzunguka skrubu ni alumini inaliwa, metali mbili tofauti zikigusana na unyevu wa chumvi katikati moja inaliwa, na hapa ni alumini. Weka washa ya plastiki, ile pete bapa, katikati, au grisi kidogo kwenye skrubu kabla hujaifunga, inasaidia.

Mafuta ya kupikia usiweke tafadhali, yanalainisha wiki moja halafu yanageuka kuwa gundi inayokusanya vumbi. Safisha kwanza, brashi ya meno ya zamani inatosha, ndo uweke mafuta ya mashine matone mawili matatu, ufute yanayobaki. Mara moja au mbili kwa mwaka. Madirisha ya kuteleza hayo sina mengi, mengi yanakuwa mazito kwa sababu reli imejaa mchanga au vigurudumu vya chini vimeisha, na kule chini pembeni kuna skrubu ya kuvipandisha.

Kitu kinachoniumiza zaidi ni waya. Hendeli imevunjika, mtu anachukua waya au kamba anafunga dirisha kwa nguvu, na linakaa hivyo miaka. Naelewa, nimeshafanya, siku ile ya usiku na mvua inaingia huna namna. Lakini asubuhi ikifika ule waya utoke. Moto ukitokea chumbani humo na mlangoni hapapitiki, nani atafungua waya gizani na moshi umejaa? Hata hendeli za kufunga na ufunguo ni vilevile, ufunguo ukae karibu na dirisha, mahali kila mkubwa wa nyumba anapajua. Kwa chumba cha watoto mi nimeweka kizuizi kidogo kinachoacha dirisha lifunguke sentimita 10 tu, mtu mzima anakiachia kwa mkono.

Lile dirisha lenyewe tumebadilisha bawaba zote mbili, mtu wangu akishikilia nje mi nakaza ndani, na hendeli niliyoweka ni aina ileile iliyovunjika mara tatu. Inafungwa kwa vidole viwili. Leo asubuhi nimepitisha karatasi kwenye madirisha mengine yote, la jikoni karatasi imetoka bila kushikwa kona ya juu, hendeli yake bado nzima, kwa hiyo Jumamosi tunaanza na bawaba.