Haki ya Kujihami Huvuka Mpaka, Kibali cha Bastola Hakivuki

Dereva mmoja wa lori, Mtanzania mwenzangu anayeishi Pennsylvania, aliwahi kuniambia kwa kujiamini kabisa kwamba kibali chake cha kubeba bastola kinamtosha kokote Marekani, kama inavyomtosha leseni yake ya udereva. Wanaoamini hivyo ni wengi, na kwa maoni yangu hakuna imani ya hatari zaidi kwa mtu anayepita majimbo manne kwa siku akiwa na silaha garini.

Aliyefyatua risasi ili kujiokoa huulizwa maswali mawili, na kushinda moja hakumsaidii katika jingine. Alikuwa na haki ya kupiga? Na silaha ile ilikuwa pale kihalali? Mtu anaweza kuonekana hana hatia ya kuua, kisha akafungwa kwa kuwa na bastola.

Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, aliyekwisha kuporwa na kwa sababu hiyo akanunua bastola na kupata kibali cha Pennsylvania, alisimamishwa na polisi akiwa New Jersey. Hakuwa amempiga mtu, na ni yeye mwenyewe aliyemwambia askari kwamba ana bastola. Kwa kuwa New Jersey haitambui vibali vya majimbo mengine, alikabiliwa na kifungo cha lazima cha miaka isiyopungua mitatu na nusu, hadi waendesha mashtaka walipomkubalia mwaka 2014 aingie mpango wa kuepuka kifungo; Gavana wa jimbo hilo, Chris Christie, akamsamehe mwaka 2015. Sioni ubaya wa jimbo kukataa vibali vya jirani mwenye masharti mepesi, lakini kumwandalia jela ya lazima mtu aliyesema kweli ni ukali usio na busara.

Wengine hutegemea sheria ya shirikisho ya 1986 inayomruhusu msafiri kupita na silaha, ikiwa anaruhusiwa kuibeba huko atokako na aendako. Masharti yake ni kwamba silaha iwe haina risasi na isifikike kwa mkono. Kwenye gari lisilo na buti, kama lori, iwe ndani ya sanduku lililofungwa kwa ufunguo, wala si kwenye kisanduku cha dashibodi. Kwa maneno mengine, bastola inayolindwa na sheria hiyo ni ile isiyoweza kumlinda mwenyewe. Ukiifyatua njiani, umekwisha kuonyesha kwamba uliitoa. Hata kulala njiani ni mashaka: mwaka 2005 msafiri wa Utah aliyekosa ndege Newark alilala hotelini na mzigo wake, akakamatwa kesho yake aliporudi uwanjani. Mashtaka yalifutwa, lakini alipodai fidia, mahakama ya rufani iliamua mwaka 2010 kwamba sheria ile haikumlinda, kwa kuwa usiku ule silaha ilikuwa karibu naye.

Haki yenyewe ya kupiga nayo hupimwa kwa sheria ya mahali tukio lilipotokea. Florida, tangu 2005, haimlazimu mtu kukimbia akiwa mahali anaporuhusiwa kuwapo. New Jersey humtaka aondoke ikiwa anajua anaweza kufanya hivyo kwa usalama kamili, isipokuwa akiwa nyumbani kwake. Katika kesi ya Kyle Rittenhouse, kijana wa miaka 17 kutoka Illinois aliyeua watu wawili kwa risasi katika jimbo jirani la Wisconsin mwaka 2020, watu walibishana mno kuhusu kuvuka mpaka, ilhali bunduki yenyewe ilikuwa tayari Wisconsin, na ni kwa sheria ya Wisconsin ya kujihami kwamba raia walioketi kuamua kesi mjini Kenosha walimwachia huru mwaka 2021.

Sisi wahamiaji tuna mzigo wa ziada. Mwenye viza ya masomo au ya kutembelea hukatazwa na sheria ya shirikisho hata kumiliki bunduki, isipokuwa kwa sababu chache kama leseni ya uwindaji. Mwenye ukaaji wa kudumu anaruhusiwa, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, na jaji wa uhamiaji hatakuwa na haja ya kuuliza ni nani aliyeanza kumshambulia mwenziwe.

Nilipomweleza dereva yule haya yote, aliniuliza, "Kwa hiyo niiache nyumbani?" Nikamjibu kwamba ndiyo, kila anapopeleka mzigo New Jersey.