Sikucheza Singeli Mimi

Naona Wakili, niliyelala naye hanga moja kambini, kanitangulia kusimulia. Kwa habari zake, siku ya kufunga mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) mimi nilicheza singeli mbele ya mgeni rasmi, tena kwa hiari yangu. Kuna mwingine kachukua kipande cha video ya siku hiyo akakipachika muziki. Sawa. Mapaja bado yanawasha, usingizi sina, ngoja niwasimulie mwenyewe.

Mliopita mujibu, yaani mafunzo ya lazima ya JKT, mnajua habari ya buti. Afande anaweza kukusamehe kuchelewa, anaweza kukusamehe kuimba nje ya sauti kwenye mchakamchaka, ila buti lenye vumbi utalilipia kwa kuruka kichura. Sasa ikaja wiki ya paredi ya kufunga, tukaambiwa kila kuruta ang'arishe buti mpaka ajione meno.

Mzee wangu alipita huko kabla mafunzo hayajasitishwa mwaka 1994, na kabla sijaondoka nyumbani alinikalisha chini akanifundisha. Futa vumbi, paka kiwi nyembamba, subiri ikauke, piga brashi. Hapo ndiyo kwanza hujaanza. Unachukua pamba, unaidondoshea tone la maji, unagusisha kiwi kidogo tu, halafu unazungusha viduara vidogo vidogo kwenye ncha ya buti. Nta inaziba vitundu vya ngozi, tabaka juu ya tabaka, mpaka panakuwa laini na mwanga unarudi. Usiku mzima kwa buti moja. "Na usifanye haraka," mzee alisema, "kiwi haina njia ya mkato."

Mzee hajawahi kulala hanga (bweni la kambi) moja na Wakili.

Wakili (anasomea kilimo, jina amelipata kwa kubishana) alinikuta nimekaa kitandani na pamba yangu, kidole cheusi, ncha ya buti bado imefifia. Akacheka. "Sukari, kaka. Koroga na maji, ipake juu ya kiwi, ikikauka ni kioo." Eti mjomba wake ni mwanajeshi na ndivyo wanavyofanya. Mpaka leo sijui ni kikosi gani hicho kinachogawa sukari ya viatu, lakini saa hiyo ilikuwa usiku mkubwa na kidole kinauma. Sukari akatoa yeye mwenyewe, ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha karatasi.

Na ilikubali! Asubuhi yale mabuti yalikuwa yanatisha. Tatizo pekee yalinata kidogo ukigusa, kwa hiyo wakati wa chai nikayapeleka nje kupigwa upepo. Juani nta ingelainika, hilo nililijua, nikatafuta kivuli. Kivuli kilichokuwepo ni cha mkorosho.

Watu wa Lindi na Mtwara naona mmeshaanza kucheka. Tulieni.

Kwa wasiojua, mikorosho ndiyo makazi ya maji moto, wale wadudu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba. Wakulima wengine huwaacha makusudi kwa sababu wanakula mbu wa mikorosho, wadudu wanaoharibu zao hilo. Mimi wa Dodoma niliwakuta watatu wanne wanatalii juu ya buti, nikawapuliza, nikavaa, nikachomekea suruali ndani ya buti vizuri kama kanuni inavyotaka. Kumbukeni hapo kwenye kuchomekea. Maana yake ni kwamba aliye ndani hana mlango wa chini. Amebakiwa na njia ya kupanda tu.

Kwenye ukaguzi wa kwanza afande alipita, akasimama kwangu, akaangalia chini. "Wewe! Nani kakufundisha kupiga kiwi?" Nikajibu, "Baba, afande!" Akanitoa safu ya nyuma nilikokuwa nimejificha salama, akaniweka safu ya mbele, mwisho wa kulia. Yaani pale pale mgeni rasmi anapoanzia kukagua.

"Gwaride, mguu sawa!"

Tukapiga. Kishindo kile nadhani ndicho kilichowaamsha.

Wa kwanza nilimsikia kwenye kifundo. Hakuuma, alikuwa anauliza njia tu. Wa pili akapita nyuma ya goti. Mimi macho mbele, kidevu juu, jasho linaingia jichoni. Brasi bendi inapiga taratibu ile ya kukagulia. Upande wa wazazi namwona mama kavaa kitenge kipya, kanyoosha simu juu. Nikawa najisemea moyoni, hawa ni wadudu, mimi ni askari. Maji moto hana mwiba. Anang'ata kwa meno, halafu anageuza kiuno na kumimina tindikali kwenye kidonda alichokifungua. Huyo wa nyuma ya goti akafanya yote mawili. Nikauma ulimi.

Mgeni rasmi akafika. Mzee mpole, suti nzuri. Angepita zake tu! Lakini hapana, akaona buti. Akasimama. Akainama kidogo, akajiangalia kwenye ncha, naapa nilimwona akiweka tai sawa. Akatabasamu. Wakati huo kiongozi wa msafara wa ndani alikuwa ameshavuka goti na anakata kona.

"Hongera, kijana. Unatokea wapi?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu, Dodoma. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema Dodoma. Ndipo akaning'ata.

"PAJANI, MHESHIMIWA!"

Kimya. Afande aliyekuwa nyuma yake alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Mgeni rasmi akasogeza sikio, nadhani alifikiri ni kata mpya. Na kabla hajauliza ni wilaya gani, mdudu mwingine akafika mahali ambapo siwezi kupataja kwa sababu shangazi zangu wanasoma humu. Mguu wa kushoto ukanyanyuka wenyewe mpaka usawa wa kiuno, ukashuka kwa kishindo. Sasa kuruta akisikia kishindo hafikiri, anafuata. Nusu ya platuni ikapiga mguu pande. Nusu nyingine ikabaki sawa. Mimi nikanyanyua tena, wa kulia sasa, na mkono ukaenda ulikokwenda.

Mama akapiga vigelegele. Alidhani ni onyesho maalumu.

Yaliyofuata ni mafupi: nikatolewa nikichechemea, suruali ikavuliwa nyuma ya gari la wagonjwa, daktari akacheka mpaka akakaa chini, jioni nikasugua masufuria ya kambi nzima, cheti nikapewa.

Nilipoishika simu yangu nikasoma kwamba Waingereza wa karne ya 19 walikuwa wakitia molasi kwenye rangi ya viatu. Kwa hiyo wazo la Wakili lina asili yake, ila Uingereza mikorosho hakuna. Mzee sijamweleza ukweli, anajua tu kwamba mwanawe alisifiwa kwa kiwi na anawahadithia majirani.

Nawe Wakili, ujumbe wako wa leo nimeuona. Hela ya sukari silipi.