Jina la Kilwa liko Lisbon, kwenye dhahabu

Ukilizunguka taratibu kabati la kioo katika Museu Nacional de Arte Antiga hapa Lisbon, ukainama kidogo, utalisoma jina la kwetu. Limeandikwa QILVA, kwenye kitako cha Custódia de Belém, chombo cha dhahabu cha kuwekea mkate wa ekaristi. Katikati mitume 12 wamepiga magoti. Maandishi yanasema waziwazi: Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya "parias" za Kilwa, kikakamilika CCCCCVI, yaani 1506, ile elfu ya mbele wameiacha.

Neno "parias" ndilo la kushikilia. Si zawadi. Ni ile kodi ambayo watawala wa Kiislamu wa Andalusia, yaani Uhispania na Ureno ya Waislamu, waliwalipa wafalme wa Kikristo ili wasivamiwe, karne nyingi kabla ya Kilwa. Lisbon yenyewe ilikuwa mji wa Waislamu hadi ilipotekwa mwaka 1147. Kwa hiyo Vasco da Gama alipotia nanga Kilwa mwaka 1502 na mizinga yake, alikuja na desturi ya zamani ya kwao. Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, akatoa mithkali 1,500, kipimo cha zamani cha dhahabu, sawa na kilo sita na ushei, dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe kupitia bandari ya Sofala. Kodi iliyofuata haikulipwa. Julai 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akauteka mji na kuupora. Ngome waliyoijenga wakaihama mwaka 1512.

Najua watakaosema, "Huyo keshalewa Ulaya, anawasifu waliotuibia." Siwasifu hata kidogo. Nasema aliyechukua aliandika alichochukua na kwa nani, na miaka 500 baadaye maandishi yanasomeka. Sisi tulionyang'anywa tunawaachia wageni watusimulie. Hilo linaniuma, na silisemi kwa kujiona.

Halafu kuna kuta zilizobaki Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi akija na saruji kuziba ufa, ameua ukuta. Matumbawe yana vitundu, hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi ya bahari. Chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Maji yanapokauka, chumvi huganda nyuma ya lipu na kulisaga jiwe likawa unga. Siku saruji inapobanduka, inaondoka na uso wa jiwe. Chokaa ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo ufa hupita kwenye chokaa, na chokaa hurudishiwa.

"Hatuna pesa za makumbusho ya Ulaya," mwingine atasema. Ni kweli, lakini chokaa haitoki Ulaya. Ni matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo, yakachomwa, yakazimwa kwa maji na kuachwa yaive. Ugumu wake ni kuni: ukikata mikoko kuchomea chokaa, umeondoa kinachozuia mawimbi kula ufuko, na ufuko ukiliwa ukuta huanguka hata ungekandikwa vipi. Na kazi hii tunaiweza! Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014. Naona fahari kubwa kwa hilo. Kinachonichosha ni tabia yetu ya kushangilia siku ya kutolewa, kisha tukasahau kwamba chokaa hukaguliwa kila baada ya masika.

Wapo wanaotaka Custódia irudishwe. Kudai ni haki yetu. Lakini kabla ya jibu la Ureno, maandishi yale yafasiriwe Kiswahili neno kwa neno, yachongwe kwenye kibao pale mashua zinaposhushia wageni Kilwa Kisiwani, na "parias" iandikwe kodi ya kulazimishwa.