Mtoto aliyefiwa aongee na nani, jirani aliyefunzwa au daktari wa mbali?

Kuna mtoto nilimfahamu mtaani kwetu, miaka tisa hivi, mama yake alifariki akaletwa kwa mama yake mdogo. Wakamwambia mama amesafiri. Basi kila jioni yule mtoto anakaa kituo cha daladala anaangalia wanaoshuka. Baadae akaanza kukojoa kitandani, asubuhi godoro linaanikwa juu ya michongoma pembeni ya njia kila anayepita analiona, na mama mdogo anasema huyu ni jeuri tu, anafanya makusudi. Hakuwa mtu mbaya yule mama jamani, alikuwa na wanne wake, anaamka saa kumi usiku kuchoma vitumbua, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kukaa nae akamwambia kwamba majonzi ya mtoto yanaweza kutokea hata kwenye godoro.

Namkumbuka kila nikisikia huu ubishi wa huduma za afya ya akili kwa watoto, kwamba ziletwe mtaani zifanywe na watu wa kawaida waliofunzwa au tuwaachie wataalamu wenyewe.

Wanaotaka ziletwe mtaani wana hoja nzito. Tanzania ukisema hospitali ya afya ya akili watu wanawaza Mirembe, Dodoma, na Kenya wanawaza Mathari, Nairobi. Sasa mama wa vitumbua ampeleke mtoto Dodoma kwa nauli gani, afunge biashara siku ngapi, na akirudi mtaani watu waseme alitoka Mirembe? Hilo jina peke yake mtoto atatembea nalo mpaka anamaliza shule.

Na sio maneno matupu, hili lilishajaribiwa huku huku kwetu. Kuna utafiti ulifanyika Moshi na Bungoma, matokeo yake yakatoka 2020, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote na bado wanateseka na kile kifo. Waliowasikiliza hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida hawajawahi kufanya kazi ya afya ya akili, wakafunzwa na wakawa na msimamizi wa kuwafuatilia. Vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto peke yake, na walezi nao wana kikundi chao. Mtoto anafundishwa kutuliza mwili, kuitaja hofu yake, halafu polepole anasimulia kile kifo chenyewe. Yaani kinyume kabisa na tulivyozoea sisi, usimkumbushe, atasahau.

Matokeo sasa. Vikao vilipoisha, sehemu tatu kati ya nne (mjini na vijijini, nchi zote mbili) watoto waliopata vikao walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliobaki na msaada wa kawaida. Ila baada ya mwaka, Bungoma tofauti ilikuwa bado ipo, Moshi makundi mawili yalikuwa yameshakaribiana, hata ambao hawakupata vikao walikuwa wamepata unafuu. Hapa wanaopinga wana haki ya kuuliza, kama wengine wanapona na muda kwanini tutumie hela zote hizo? Mimi naona mwaka mzima wa ndoto mbaya kwa mtoto wa miaka nane sio kitu kidogo, lakini swali lao ni la haki na anayeuza hii huduma kama dawa ya kila kitu anadanganya watu.

Hoja yao nyingine ni siri. Jirani akishajua mambo ya nyumbani kwako, kesho yanasimuliwa kisimani. Inanigusa hii, kwasababu vipi kama anayemuumiza mtoto ni ndugu wa huyo huyo mshauri? Hapo lazima kuwe na njia ya kumfikia mtu wa nje haraka, sawa na kwa mtoto anayesema anataka kufa, huyo sio wa kuachwa na mtu mwenye mafunzo ya wiki mbili. Lakini nikimrudia yule mtoto wa kituoni, mtaa mzima ulijua mama yake amekufa. Muuza duka anajua, konda anajua. Asiyejua alikuwa yeye tu, na alikuja kuambiwa akiwa darasa la sita na mtoto mwenzake kwenye ugomvi wa mpira. Hiyo siri tulimtunzia nani?

Kinachonitisha mimi hasa ni namna serikali zetu zitakavyolifanya. Kenya 2023 ilizindua wahudumu wa afya ya jamii laki moja, posho shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, Tanzania 2024 ikaanza mpango wa zaidi ya 137,000. Ni hatua nzuri kwakweli. Lakini huyo mhudumu ameshapewa wajawazito, chanjo, kifua kikuu, malaria, vyoo, sasa aongezewe na huzuni za watoto kwa semina ya siku tatu na fulana? Wale wa Moshi na Bungoma walikuwa na mtu wa kukaa nae mara kwa mara, wa kumwambia leo kuna mtoto alilia nikashindwa nifanyeje. Ukimtoa huyo msimamizi ukabaki na semina, umebaki na jina la huduma tu.

Kwahiyo mimi niko upande wa mtaani, ila bajeti ikisomwa nitatafuta mstari wa mshahara wa msimamizi kwanza kabla ya idadi ya waliofunzwa. Na nitauliza vikao vya walezi vimepangwa saa ngapi, maana vikiwekwa saa tatu asubuhi mama wa vitumbua hatakuja, muda huo ndo bado yuko kwenye kikaango.